Kuongeza mafundi hakuliivishi zege

Nimeambiwa tena. Safari hii ni mteja mwenye ghorofa moja kule Raskazone, hapa Tanga. Kabla yake alikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi wa msikiti, na kabla ya huyo mhandisi mwenzangu, mtu aliyepaswa kujua. Wote neno lao ni moja: "Injinia, tumechelewa, ongeza mafundi. Hela ipo."

Hela ipo, sawa. Tuichukue slebu ya huyo wa Raskazone. Mafundi nondo wamemaliza, mshauri amekagua, zege limemwagwa Jumamosi. Kinachofuata kwenye ratiba ni kuta za juu, na mafundi hawawezi kurundika tofali juu ya slebu ambayo bado inashikiliwa na mirunda iliyobanana huko chini. BS 8110, kanuni ya Uingereza ya ujenzi wa zege ambayo wengi wetu bado tunaishi nayo, inataka mirunda ya slebu ikae siku 10 na ya boriti siku 14, pale joto la zege likiwa nyuzi 16 au zaidi. Tanga joto si tatizo. Zege la saruji ya kawaida linafika kama theluthi mbili ya nguvu yake siku ya 7, na ile nguvu tuliyoiandika kwenye mchoro tunaipima siku ya 28. Lete mafundi watano au hamsini, tarehe hizo hazisogei. Zitasogezwa na mchanganyiko wenye saruji nyingi zaidi au kiongeza kasi, na hayo anaamua mhandisi kwa matokeo ya vipande vya zege vilivyovunjwa maabara. Fundi anayegonga slebu kwa nyundo na kusema "limekauka hili" hajapima kitu.

Hapo sijagusa bado kinachoniudhi hasa: hela ya kuharakisha kazi inavyopelekwa mahali pasipo pake.

Mwaka 1957 kampuni ya DuPont ya Marekani, pamoja na watu wa Remington Rand, ilianza kutengeneza njia ya kupanga kazi ambayo leo imo ndani ya kila programu ya ratiba. Swali lao lilikuwa hili hili la mteja wangu: nikitaka kumaliza mapema, fedha ya haraka niiweke kwenye kazi ipi ili gharama iwe ndogo kabisa? Jibu lao ni kwamba uutafute mlolongo mkuu, yaani mfuatano wa kazi ulio mrefu kuliko yote, ule ambao kazi yake moja ikichelewa siku moja mradi mzima unachelewa siku moja. Humo ndimo uweke fedha, na uanze na kazi ambayo siku yake moja inanunulika kwa bei nafuu. Kazi nyingine zina muda wa akiba, yaani zinaweza kuchelewa kidogo bila kuchelewesha mradi, na fedha ya haraka ukiipeleka huko haikununulii hata siku moja.

Saiti nyingi ninazofika hapa mjini, kinachofanyika ni kinyume chake. Mafundi wapya wakija wanapelekwa penye nafasi ya kusimama: plasta ya ukuta wa uzio, shimo la maji machafu, kusawazisha uwanja. Kazi zinaonekana zinakimbia na mteja akipita jioni anafurahi. Tarehe ya kukabidhi iko pale pale, kwa sababu uzio ulikuwa na wiki sita za akiba na kuuwahisha hakukuhitajika. Baya zaidi, saruji iliyopangiwa linta, ile boriti ya juu ya milango na madirisha, imeishia kwenye uzio, na sasa linta ndiyo inasubiri. Mlolongo mkuu umerefushwa kwa fedha iliyotolewa kuufupisha!

Na mlolongo wenyewe hautulii. Ukibana kazi moja siku tano, mlolongo wa pili kwa urefu unaweza kugeuka kuwa wa kwanza baada ya siku tatu tu, na zile mbili umezilipia bure. Ndiyo maana ratiba iliyobandikwa ukutani ofisi ya saiti tangu siku ya kwanza, bila kuguswa, haikufai kwa uamuzi wowote.

Kuongeza saa za kazi hadi usiku nako ni hivyo hivyo. Ripoti ya 1980 ya Business Roundtable, umoja wa wakuu wa makampuni makubwa ya Marekani, ilisema ukifanyisha watu saa 60 au zaidi kwa wiki, baada ya kama miezi miwili tija inakuwa imeshuka kiasi kwamba unamaliza baadaye kuliko kikosi kile kile kingefanya saa 40. Naitumia hoja hiyo, lakini sina raha nayo kabisa. Takwimu zake zilitoka zaidi kwenye ujenzi wa kiwanda kimoja Green Bay, Wisconsin, kwenye baridi, na mafundi wa mshahara wa saa. Fundi wetu analipwa kwa kipande na anabeba karai kwenye jua la Februari. Nadhani tija yake inashuka mapema zaidi, ila huko ni kudhani.

Usalama nitausema kwa ufupi kwa kuwa haubishaniki. Watu wengi juu ya jukwaa moja la mirunda, wageni kwa wenzao, taa hafifu, wamechoka. Kuanguka kutoka juu ni miongoni mwa vinavyoua zaidi kwenye kazi yetu, na kikosi kilichoongezwa ghafla ndicho ambacho hakuna aliyekifundisha mkanda unafungwa wapi.

Basi huwa tunachelewa kwa nini? Geraldine Kikwasi wa Chuo Kikuu Ardhi alichapisha utafiti wake kuhusu Tanzania mwaka 2012. Miongoni mwa sababu zilizojitokeza ni kubadilisha michoro, mkandarasi kucheleweshewa malipo, na taarifa kuchelewa. Upungufu wa mafundi si uliobeba mzigo. Tafiti za namna hii ni za dodoso, na ukimuuliza mkandarasi atamtaja mteja, ukimuuliza mteja atamtaja mkandarasi. Kwa hiyo siziamini kwa mpangilio wa nani wa kwanza nani wa tatu. Lakini orodha yenyewe ndiyo ninayoiona saiti kila mwezi.

Kwa mteja wa Raskazone, ngazi imebadilishwa mara mbili tangu msingi. Nondo za boriti mpya zilisubiri mchoro, mchoro ukasubiri yeye arudi safari. Cheti cha malipo cha pili, yaani hati ya kazi iliyokwisha fanyika ambayo yeye anatakiwa kuilipa, hakijalipwa, na mkandarasi ananunua saruji kwa mkopo wa duka. Masika yanaanza Machi, na paa halijafungwa. Hela ya mafundi wa ziada aipeleke kwenye kile cheti, aniachie mchoro wa ngazi uliosainiwa kabla ya Ijumaa, na mabati yaagizwe wiki hii.