Uswisi Kabla ya Theluji: Namna ya Kupanga Safari ya Novemba

Wengi ninaowapangia ratiba za Uswisi hawauchagui Novemba kwa hiari yao. Wanatoka Dar es Salaam, Nairobi au Kigali kuhudhuria mikutano ya Geneva, na mikutano inapokwisha hubakiwa na siku chache ambazo viza bado inaziruhusu. Swali lao la kwanza huwa ni kama milima iko wazi. Anayeijua Zanzibar wakati wa masika, hoteli za ufukweni zinapofunga ili kuezeka makuti mapya na kupaka rangi kuta, hupata picha kamili: vijiji vya Alpi navyo hufunga kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Desemba, watembea milimani wa kiangazi wakiwa wameshaondoka na wacheza ski, yaani wanaoteleza kwenye theluji, hawajafika.

Kinachofungwa hasa ni vigari vya kebo, vinavyoning'inia kwenye waya na kupandisha abiria mlimani, na huenda mgeni akashangaa kwamba vimefungwa siku ambayo anga haina hata wingu. Huo ni wakati wa ukaguzi. Waya mkuu wa chuma hupimwa kwa kifaa cha sumaku kinachouzunguka huku waya ukipita polepole katikati yake, na kifaa hicho hugundua nyuzi zilizokatika ndani, mahali ambapo jicho haliwezi kufika. Vishikio vinavyokibana kigari kwenye waya hufunguliwa, husafishwa na kuchunguzwa kama vina nyufa, breki hujaribiwa, wafanyakazi hufanya zoezi la kuwashusha abiria kwa kamba. Kila kampuni hupanga majuma yake na kuyatangaza mapema kwenye tovuti, kwa hiyo asiyesoma tangazo hujikuta kituoni mbele ya mlango uliofungwa. Mimi huanza na tangazo hilo kabla ya kutafuta hoteli, kwa sababu mlima ukifungwa, hoteli iliyo chini yake huwa haina maana kubwa, na mara nyingi nayo huwa imefungwa.

Jambo la pili la kuzingatia ni ukungu, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo, maana ndilo linaloamua kama safari itafana. Usiku mrefu usio na mawingu, ardhi hupoteza joto haraka. Hewa iliyo karibu nayo hupoa, huwa nzito, na kujikusanya katika nyanda pana zilizo kati ya milima ya Jura na Alpi, ambako ndiko iliko miji mingi mikubwa. Juu yake hukaa hewa yenye joto zaidi, inayoizuia kupanda. Mvuke hugeuka ukungu, na kwa kuwa jua la Novemba ni dhaifu, mji kama Bern au Luzern unaweza kukaa siku kadhaa chini ya dari la kijivu. Mara nyingi dari hilo huwa kwenye kimo cha mita 700 hadi 1,000 juu ya usawa wa bahari, ingawa upepo wa kaskazini-mashariki, unaoitwa bise, ukivuma huweza kulipandisha zaidi.

Luzern iko kwenye mita 435 hivi, na kilele cha Rigi, ng'ambo ya ziwa, kiko kwenye mita 1,798. Hapo ndipo Novemba inapolipa. Reli ya meno, ambayo gurudumu la treni hung'ata meno yaliyo katikati ya reli ili isiteleze, inayopanda kutoka Vitznau ilifunguliwa mwaka 1871, ikawa reli ya kwanza ya mlimani barani Ulaya, na treni za Rigi hufanya kazi mwaka mzima. Treni huingia ndani ya ukungu, vioo vikalowa, miti ya kando ya reli ikaonekana kama vivuli. Kisha mwanga huanza kuwa mweupe, na baada ya muda mfupi abiria wote wanatafuta miwani ya jua. Ukitazama chini, ziwa na mji havipo tena, na Alpi zimejipanga upande wa kusini. Juu kunaweza hata kuwa na joto kuliko mjini. Ndiyo maana humwambia msafiri asikate tiketi usiku uliotangulia: asubuhi afungue kwanza kwenye simu kamera ya kileleni, na kama huko nako ni kijivu, abaki mjini bila majuto.

Milima mingine haina msimamo huo. Reli ya Pilatus, yenye mwinuko mkali kuliko reli zote za meno duniani, kwa kawaida husimama Novemba na kurejea majira ya kuchipua. Kituo cha reli cha Jungfraujoch, kwenye mita 3,454, haifungi msimu huu, lakini nauli yake ni kubwa mno kuiweka rehani kwa siku yenye mawingu. Kwa aliye na siku mbili, mimi hupendelea Gornergrat juu ya Zermatt, mita 3,089, kwa kuwa jimbo la Valais ni kavu na haliko ndani ya bakuli la ukungu, na mlima Matterhorn huonekana waziwazi.

Treni maarufu ya watalii, Glacier Express, nayo hupumzika kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Desemba. Wengi husikia hivyo wakaifuta njia nzima, ilhali treni za kawaida hupita kwenye reli zilezile kila siku, zikivuka njia ya mlimani ya Oberalp kwenye mita 2,033, bila kulazimika kulipia nafasi mapema. Utabadilisha treni mara kadhaa, basi. Kukodi gari sikushauri: barabara za juu kama Furka na Grimsel huwa zimefungwa kwa theluji.

Mwanga ni mfupi. Mwishoni mwa Novemba jua la Bern huchomoza karibu saa mbili kasorobo asubuhi na kuzama kama saa kumi na dakika arobaini jioni, hivyo mlima uwe wa asubuhi na mji uwe wa jioni. Mjini hakukosi shughuli: Jumatatu ya nne ya Novemba Bern huwa na soko la vitunguu, Zibelemärit, linaloanza kabla ya mapambazuko na kuuza vitunguu vilivyosukwa kuwa mashada, na karibu na vituo vya treni huuzwa marroni, kokwa za kahawia zilizochomwa.

Kuhusu gharama, vyumba vya milimani hushuka bei, ila nauli za kawaida za reli hazijali msimu. Mabadiliko makubwa huja katikati ya Desemba, ratiba mpya ya treni inapoanza, miteremko ya ski inapofunguliwa na bei za vyumba kupanda. Anayetaka kupanga safari niliyoieleza hapa arudi nyumbani kabla ya hapo.