Komedia ya nyumbani: kicheko kinachotoka jikoni

Komedia ya nyumbani ni filamu ya kuchekesha ambayo vituko vyake vinatokana na maisha ya familia: nani anaamka wa kwanza, nani anakula kilicho bora, nani anamnunia nani. Sinema ilipoanza Ulaya, watu walicheka zaidi walioanguka, waliokimbizana na waliomwagiana maji. Kuchekesha kwa sufuria na kamba ya nguo kulidai subira kubwa zaidi.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Du skal ære din hustru, filamu bubu ya Denmark ya mwaka 1925, iliyoongozwa na Carl Theodor Dreyer kutokana na tamthilia ya Svend Rindom. Biashara ya Viktor Frandsen imekufa, na hasira zote anazimalizia kwa familia. Mkewe, Ida, anadamka alfajiri, anawasha jiko, anahudumia watoto. Siagi ikiwa haitoshi, anaikwangua kwenye mkate wake na kuipaka kwenye mkate wa mume. Viktor hilo halioni. Anachokiona ni nguo zilizoanikwa chumbani, nazo zinamkera.

Ndipo anaingia Mads, yaya mzee aliyemlea Viktor tangu utotoni. Kwa kushirikiana na mama yake Ida, anamwondoa Ida akapumzike, kisha anaishika nyumba yeye. Bwana mkubwa anaanza kutumwa kazi. Alizoea kumwadhibu mwanawe kwa kumsimamisha kwenye kona. Sasa anasimama huko yeye.

Viktor hachekwi kwa kufilisika. Anachekwa kwa kuwabebesha wengine shida yake, na kwangu hiyo ndiyo tofauti kati ya komedia ya nyumbani na kumdhihaki maskini.

Dreyer alitaka kupiga picha kwenye nyumba halisi ya watu. Ikashindikana, basi ikajengwa nyumba nzima studio, yenye maji, gesi na umeme. Katika filamu isiyo na sauti hilo lina uzito, kwa sababu uchovu wa Ida tunausoma kwenye mikono yake inapogusa vyombo.

Mwishoni Ida anarudi, na mama mkwe anampa Viktor hundi ya kununulia duka la miwani. Naona hundi hiyo imekuja kirahisi mno: Viktor alikuwa ameshabadilika kabla ya kupata hata senti moja.