Je, wajua kwa nini filamu nyingi huhaririwa kwa nakala nyepesi badala ya picha ghafi zenyewe?

Jibu linaanzia kwenye kihisi cha kamera, yaani sehemu inayopokea mwanga. Kila nukta ya kihisi hufunikwa kwa kichujio cha rangi moja tu: nyekundu, kijani au bluu. Mpangilio unaotumika zaidi ulibuniwa na Bryce Bayer wa Kodak katika miaka ya 1970. Nusu ya nukta zake ni za kijani, kwa kuwa jicho la binadamu hutegemea zaidi mwanga wa rangi hiyo kutambua undani wa picha. Kamera ya kawaida hukadiria papo hapo rangi mbili zinazokosekana katika kila nukta, hurekebisha weupe ili kitu cheupe kionekane cheupe chini ya taa iliyopo, kisha hubana faili. Kamera ya sinema inayorekodi ghafi huiacha kazi hiyo ije kufanywa baadaye. Mizani ya weupe hubaki kuwa maelezo tu ndani ya faili, na unaweza kuibadilisha hata miezi kadhaa baadaye bila picha kupoteza chochote.

Uhuru huo una uzito wake. Fremu ya 4096 kwa 2160 ina nukta zaidi ya milioni 8.8. Kwa biti 12 kila nukta, bila kubanwa, fremu moja ni megabaiti 13 hivi, na kwa fremu 24 kila sekunde, saa moja ya picha hupita terabaiti 1. Miundo inayobana, kama REDCODE na Blackmagic RAW, huokoa nafasi kubwa ya diski, lakini kompyuta bado ina kazi ya kukamilisha rangi ya kila fremu unapoicheza. Anayetafuta mahali sahihi pa kukata maneno ya mwigizaji hawezi kufanya kazi na picha inayokwamakwama.

Ndiyo maana hutengenezwa nakala nyepesi. Saa moja ya ProRes 422 Proxy, muundo mwepesi wa video wa Apple, katika 1920 kwa 1080 ni gigabaiti 16 hivi, na kompyuta mpakato ya kawaida huimudu. Mhariri akimaliza, programu hurudi kwenye faili ghafi na kuzipanga upya kwa kufuata mikato yake, ndipo mtaalamu wa rangi aanze kazi.

Hapa ndipo miradi mingi hukwama. Programu huunganisha nakala na faili asili kwa jina na taimukodi, yaani namba ya saa, dakika, sekunde na fremu inayoandikwa kwenye kila fremu. Klipu iitwayo A003C012, yaani kamera A, kadi ya 3, klipu ya 12, lazima nakala yake ibebe jina hilohilo na ianze kwenye taimukodi ileile. Mtu akiibatiza “mahojiano mazuri” kwa nia njema, uzi umekatika, na mtu mwingine atakaa akitafuta klipu kwa macho, moja baada ya nyingine.

Kuna njia ya pili: kugeuza kila kitu mara moja kuwa faili bora, kwa mfano ProRes 4444 (ndugu yake mwenye ubora wa juu) yenye mkunjo wa logi, yaani picha iliyofifishwa ili kuhifadhi undani wa sehemu angavu na za giza, na kumalizia kazi humohumo. Ni rahisi zaidi, na kwa mahojiano yenye mwanga usiobadilika au kazi ya haraka ninaipendekeza bila kusita. Ila rangi huwa imeshajengwa, na weupe uliokosewa hautengenezeki tena kwa wepesi uleule. Pale mwanga unapobadilika kila tukio, au panapohitajika madoido ya kompyuta, mimi huchagua nakala nyepesi na kurudi kwenye ghafi. Shoti za madoido pekee ndizo hutolewa kama mfululizo wa picha za EXR, muundo ambao kila fremu huwa faili yake yenye ubora wa juu.

Vyovyote utakavyochagua, usifute kadi kabla faili hazijanakiliwa kwenye diski mbili na kuhakikiwa kwa programu inayolinganisha alama za ukaguzi, yaani namba inayokokotolewa kutoka kwenye faili kuthibitisha kuwa nakala ni sawa na asili. Na kabla ya siku ya kwanza ya kurekodi, piga dakika moja ya majaribio, uipitishe njia nzima: nakala, mikato michache, kurudi kwenye ghafi, rangi, mpaka faili ya mwisho. Kama kuna jina lisilolingana au sauti inayoachana na picha, litajitokeza hapo, waigizaji wakiwa bado hawajaitwa.