Chembe hazitafuti nafasi: dhana potofu kuhusu usambaaji darasani

"Chembe hutoka palipo nyingi kwenda palipo chache." Sentensi hii ya kueleza usambaaji karibu kila mwalimu wa sayansi ameiandika ubaoni, na ni sahihi. Ubaya wake ni kwamba inataja matokeo tu, na mtoto anaipokea kama sababu. Muulize mwanafunzi wa kidato cha pili kwa nini rangi iliyodondoshwa kwenye maji imeenea glasi nzima, atakwambia chembe zilibanana, zikatafuta nafasi.

Hazitafuti chochote. Kila chembe inakwenda ovyo, inagongwa na jirani zake na kubadili mwelekeo mara kwa mara, bila kujua wapi pana wenzake wengi. Mtaalamu wa mimea Robert Brown aliona mtikisiko huo mwaka 1827, alipotazama kwa hadubini punje ndogo zilizotoka kwenye chavua, zikiwa ndani ya maji. Albert Einstein ndiye aliyeueleza mwaka 1905: molekuli za maji zinazipiga punje hizo kutoka kila upande.

Kulifundisha hili kunahitaji chaki na sarafu tu. Chora mstari katikati ya sakafu. Weka wanafunzi 16 kushoto na 4 kulia, kila mmoja na sarafu yake. Ikiangukia kichwa, avuke mstari. Ikiangukia upande wa pili, abaki. Hakuna anayeambiwa aende palipo na watu wachache. Kwa wastani watavuka 8 kutoka kushoto na 2 kutoka kulia, basi pande zote mbili zitakuwa na watu kama 10. Wengi walielekea kulia kwa sababu kushoto kulikuwa na watu wengi wa kuvuka, basi. Hesabu ya darasani itayumba kidogo, 9 huku na 11 kule, na ni vizuri watoto waone. Ndani ya glasi ya maji molekuli ni nyingi mno kiasi kwamba kuyumba huko hakuonekani.

Msiishie hapo. Rusheni tena. Wanavuka watu kama 5 kwenda kulia na 5 kurudi kushoto, na hesabu inabaki palepale. Hapo dhana ya pili, ile ya kwamba rangi ikishaenea sawasawa chembe hutulia, inaanguka mbele ya macho yao. Mwendo haujakoma, wanaokwenda wamelingana na wanaorudi.

Sasa marashi. Tunapulizia mbele ya darasa, wa nyuma ananyoosha mkono baada ya muda mfupi, tunasema: huo ndio usambaaji. Si kweli, na mimi naona jaribio hili linapotosha kuliko linavyofundisha. Molekuli za hewa zinakwenda mbio sana, takriban mita 500 kwa sekunde, lakini kila moja hugongana na nyingine mara mabilioni kwa sekunde, hivyo safari yake haifiki mbali. Kama hewa ingetulia kabisa, harufu ingehitaji siku kadhaa kuvuka mita 5. Kilichoifikisha nyuma ni upepo wa dirishani, joto la miili, na watu kupitapita.

Punje ya pamanganeti, ile kemikali ya zambarau, iliyodondoshwa kwenye maji nayo ina mtego: ule mchirizi wa zambarau unaoshuka ni maji mazito yanayozama, si usambaaji. Afadhali kuiweka juu ya jeli iliyoganda, ambamo mikondo haipiti, kisha watoto wapime kwa rula duara la rangi baada ya saa 1, saa 4, na kesho yake. Wataona linavyozidi kupunguza kasi: umbali ukiwa mara mbili, muda unakuwa kama mara nne.

Wapo pia wanaodhani usambaaji unahitaji utando; jibu ni fupi. Osmosisi, yaani kupita kwa maji, ndiyo inayohitaji utando unaochagua vya kupitisha. Usambaaji hutokea hata pasipo utando wala kiumbe hai.

Ile kanuni ya umbali ndiyo ya kupeleka kwenye somo la mapafu. Ukuta kati ya hewa na damu una unene usiozidi sehemu moja ya elfu ya milimita, na oksijeni huuvuka kabla hata sehemu moja ya elfu ya sekunde haijaisha. Kutoka pafu hadi kidole cha mguu, usambaaji peke yake ungechukua miaka mingi, kwa hiyo kazi hiyo inafanywa na moyo.