Habeasi kopasi si rufaa ya pili

Wengi huamini kwamba mfungwa wa jimbo nchini Marekani akishindwa rufaa, mahakama ya shirikisho itasikiliza kesi yake upya kupitia habeasi kopasi, yaani ombi la kupinga uhalali wa kifungo. Sivyo. Kwanza lazima amalize njia zote za jimbo. Na kwa hoja ambayo jimbo limeshaiamua, kosa la kawaida halitoshi: uamuzi uwe umepingana na msimamo ulio wazi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, au umepotoka kupita kiasi katika kuutumia au katika kupima ushahidi.

Kinachowaangusha wengi, na inauma, ni muda. Sheria ya shirikisho ya 1996 inatoa mwaka 1 wa kuwasilisha ombi la habeasi kopasi, ambao kwa kawaida huanza hukumu inapokuwa ya mwisho. Ombi la mapitio lililowasilishwa jimboni kwa utaratibu husimamisha hesabu ya siku, lakini haliianzishi upya: aliyeliwasilisha baada ya siku 300 amebakiwa na 65 tu.