"Nimeuhakiki mkataba mtandaoni": umehakiki nini?

Wiki iliyopita nimeisikia tena. Kijana anayetafuta fremu ya duka aliniletea mkataba wa pango wa kurasa nne, na kabla sijafungua ukurasa wa kwanza akaniambia, "Kaka, usihangaike sana, nimeshauhakiki mtandaoni." Nikamuuliza amehakiki nini. Akanionyesha simu: makala moja inayoeleza vipengele vya mkataba wa pango, na jina la mpangishaji lilivyotokea kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali unaosajili biashara Tanzania. Mkataba wenyewe alikuwa hajaufikisha mwisho.

Kuhakiki jambo ni kulilinganisha na chanzo chake ili kujua kama ni kweli. Kwa hiyo kuhakiki mkataba mtandaoni ni kuchukua yale ambayo mkataba unayataja kuwa kweli na kuyalinganisha na kumbukumbu rasmi zilizoko kwenye intaneti: daftari la kampuni, taarifa za ardhi, maandishi ya sheria yenyewe. Maana yake imeishia hapo. Tatizo ni kwamba neno hili sasa linabebeshwa kazi ya maneno matatu mengine.

Hakiki ni mtoto wa mzizi wa Kiarabu uliotuletea pia haki, hakika na uhakika. Ukoo mzima unazungumzia kilicho kweli na thabiti. Ndiyo maana kitenzi hiki kinadai kitu kinachoweza kuwa kweli au uongo. Tulilitumia vizuri sana Tanzania wakati wa uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, ambapo ripoti ya Aprili 2017 ilitaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Cheti kinasema fulani alifaulu mtihani fulani mwaka fulani. Hilo ama lilitokea au halikutokea, na Baraza la Mitihani linayo kumbukumbu. Unaweka hiki kando ya kile, unapata jibu.

Kupitia ni neno jingine kabisa. Limetokana na kupita, na bado lina mwendo wa miguu ndani yake: ukitoka kazini unaweza kupitia kwa shangazi bila kukaa. Kuupitia mkataba kwa maana hiyo ni halali, mradi usiuite uhakiki. Kuperuzi ni jepesi zaidi, ni kutembeza macho. Kupekua, neno la kuku na jalala, lina jasho lake, ila kuku hajui anachotafuta mpaka akione.

Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliwahi kunipinga hapa. Alisema kwenye fasihi tunahakiki riwaya, na riwaya haina ukweli wala uongo wa kulinganishwa na daftari la serikali. Hoja yake ni nzuri na nimeifikiria. Lakini mhakiki wa fasihi anaishika kazi yenyewe, anaisoma mwanzo hadi mwisho, kisha anarudi kwenye mistari. Hakuna anayehakiki riwaya kwa kutafuta jina la mchapishaji. Tukiazima maana ya fasihi, basi tuiazime na kazi yake. Na mkataba nao ni wa ukoo wa kitabu, katibu na maktaba: ni kilichoandikwa, na kilichoandikwa kinaanza kwa kusomwa.

Sasa fungua mkataba wowote wa pango wa Kiswahili. Unaanza na "KWA KUWA mpangishaji ni mmiliki halali wa jengo lililopo kiwanja namba..." Halafu inakuja "HIVYO BASI, pande zote mbili zimekubaliana kama ifuatavyo". Mara nyingi mpaka wa neno letu umepita hapo hapo. Juu kuna madai: fulani ni mmiliki, kampuni fulani imesajiliwa, aliyesaini ana mamlaka. Chini kuna ahadi: mpangaji atalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, atatoa notisi ya miezi mitatu. Dai linahakikiwa. Ahadi haihakikiwi, kwa sababu si kweli wala si uongo, bado haijatokea. Ahadi inaeleweka, inapimwa, inajadiliwa, au inakataliwa. Hakuna tovuti duniani itakayokuambia kama wewe unaweza kulipa miezi sita kwa mkupuo.

Hata kwenye madai, jibu la mtandaoni linatakiwa kusomwa. "Ipo BRELA" ni sentensi inayowaumiza watu wengi. BRELA inasajili kampuni, na inasajili pia majina ya biashara, na hivi ni vitu viwili. Kampuni ni mtu mbele ya sheria: inashtaki na kushtakiwa. Jina la biashara ni jina tu. Anayebanwa na mkataba ni mwenye jina hilo, na ndiye anayepaswa kutajwa kwenye ukurasa wa kwanza. Kijana wangu alikuta jina limesajiliwa, akaridhika. Lilikuwa jina la biashara, na mtu aliyetajwa kwenye mkataba kama "mkurugenzi" hakuwa mwenye jina. Na hata lingekuwa la kampuni kamili, usajili ungeonyesha kwamba kampuni ipo, usingeonyesha kwamba jengo ni lake. Hilo linaulizwa kwa Msajili wa Hati za ardhi. Kenya wana Ardhisasa, mfumo wa taarifa za ardhi mtandaoni, tangu 2021, iliyoanzia Nairobi, na kuhusu kampuni wana hati ya CR12 inayotaja wakurugenzi na wanahisa. Popote ulipo, majibu haya yanasema hali ilivyo siku uliyouliza. Zuio juu ya jengo linaweza kuandikishwa kesho yake, kwa hiyo uhakiki usio na tarehe una pengo.

Kwenye sheria ndiko ninakoomba watu watulie zaidi. Mkataba wa kijana ulisema mpangaji akiondoka kabla ya muda atalipa kodi ya miezi sita kama adhabu. Makala aliyoisoma ilisema vifungu vya adhabu havina nguvu kisheria, naye akalala usingizi. Makala ile ilikuwa inaeleza sheria ya Uingereza, ambako kifungu kikionekana ni adhabu mahakama inakikataa, na tangu 2015 Mahakama ya Juu ya huko ina kipimo kipya cha kuitambua adhabu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, ilifuata Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, na kifungu chake cha 74 kinasema jambo jingine: kiasi kikitajwa, aliyevunjiwa mkataba anaweza kupewa fidia ya kuridhisha isiyozidi kiasi hicho, hasara ithibitishwe au isithibitishwe. Kwa hiyo miezi sita ni dari. Si bure, na si lazima iwe yote. Ukivuka kwenda Kenya, iliyobaki na misingi ya Uingereza, unarudi tena kwenye kanuni ile ya kuikataa adhabu. Swali ni lile lile, mipaka miwili, majibu mawili. Maandishi yenyewe yapo bure, TanzLII kwa Tanzania na Kenya Law kwa Kenya, pamoja na hukumu zinazoonyesha majaji wamekitumiaje kifungu.

Na programu za akili mnemba? Mwaka 2023 huko New York mawakili wawili na ofisi yao walitozwa faini ya dola 5,000 kwa kupeleka mahakamani kesi ambazo ChatGPT ilikuwa imezitunga. Majina yalifanana na ya kesi, namba zilifanana na za kesi. Uhakiki ungekuwa kufungua hukumu yenyewe. Tena ukiubandika mkataba mzima kwenye programu hizo, umewapelekea wenye programu namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) na akaunti ya benki ya mtu mwingine ambaye hukumwomba ruhusa.

Tulisoma kurasa zote nne pamoja, polepole. Mwishoni sikumwambia amekosea kutafuta mtandaoni, maana kutafuta kwake ndiko kulikotuonyesha lile jina la biashara. Nilimwomba abadilishe sentensi tu. Aseme: "Nimehakiki usajili wa mpangishaji BRELA Jumanne, aliyesaini si mwenye jina. Umiliki wa jengo bado. Kifungu cha adhabu nimekisoma, na ninataka tukijadili."