Kwenda Kapenguria bila kuishia Makutano

Wengi wanaotoka Nairobi kwenda Kapenguria hawafiki. Wanashuka Makutano, wanaona maduka, benki na steji iliyojaa matatu, wanapiga picha mbili tatu na kugeuza. Makutano ndiko biashara ilikohamia kwa sababu barabara kuu inapita hapo. Kapenguria yenyewe, mji mkongwe wenye ofisi za serikali na makumbusho ya kesi ya Jomo Kenyatta, iko pembeni na ni kimya. Ukifika Makutano, chukua bodaboda na umwambie wazi: "Nipeleke makumbusho." Ukisema "Kapenguria" tu, atakuuliza Kapenguria gani, na ana haki.

Safari yenyewe ni ya hatua mbili. Nairobi hadi Kitale ni takriban kilomita 380, kupitia Nakuru na Eldoret. Mabasi ya usiku hupakia maeneo ya River Road na Accra Road, na ukiondoka saa tatu usiku utaingia Kitale kabla ya jua kuchomoza. Hapo ndipo watu hukosea: wanavaa kama wanaenda Mombasa. Kitale alfajiri ina baridi kali, na Kapenguria, iliyo juu zaidi ya mita 2,000, haina huruma. Beba sweta zito, na lisiwe chini kabisa ya begi. Hatua ya pili ni matatu ya kutoka Kitale hadi Makutano: haiondoki kwa saa, inaondoka ikijaa. Kama umefika kumi na moja alfajiri, kunywa chai kwanza. Ushauri wangu ni usafiri mchana, ulale Kitale, upande Kapenguria asubuhi umepumzika. Seli za makumbusho, walimofungwa Kenyatta na wenzake, si za kutazamwa na mtu anayesinzia.

Umbali huo haukuwa bahati mbaya. Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, serikali ya kikoloni haikutaka kumshtaki Jomo Kenyatta, aliyedaiwa kuongoza Mau Mau, mahali ambapo watu wangejaa nje ya mahakama. Ikachagua Kapenguria: hakuna reli, hakuna hoteli, na wakati huo eneo lenyewe lilikuwa haliingiliki bila kibali. Pamoja na Kenyatta walishtakiwa Bildad Kaggia, Fred Kubai, Achieng Oneko, Paul Ngei na Kung'u Karumba. Mawakili, wakiongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, walilala Kitale, maili 24 kutoka mahakamani, na kwenda na kurudi kwa barabara. Kwa hiyo kipande cha Kitale hadi Kapenguria ni sehemu ya kesi. Kikatize ukiwa macho, uhesabu dakika, kisha ujiulize wakili angemwona mteja wake mara ngapi katika hali hiyo. Pritt alipolalamika kwa telegramu kwamba haki inanyimwa, alishtakiwa kwa kuidharau mahakama. Akashinda.

Kesi ilisikilizwa katika jengo la shule, mbele ya Hakimu Ransley Thacker. Hukumu ilitoka tarehe 8 Aprili 1953: miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufaa lakini hakuachiliwa, aliendelea kuwekwa kizuizini. Jina jingine la kukumbuka ni Rawson Macharia, shahidi wa upande wa mashtaka, ambaye mwaka 1958 alikiri kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo. Ukiingia makumbusho ukiwa unajua hayo, utaona mengi zaidi.

Ndani, usianze na picha. Anza na seli. Ingia moja, simama katikati, nyoosha mikono yote miwili, kisha kaa kimya dakika tano nzima. Wageni wengi hupita mlangoni wakichungulia, wakatoka wakisema wameona. Hawajaona. Baada ya seli ndipo uende kwenye maonyesho ya Wapokot, na uyape muda, kwa sababu hii ni nchi yao na ilikuwa hivyo kabla na baada ya kesi. Muulize mwongozaji maswali yako, naye ana mengi yasiyobandikwa ukutani. Jipe saa mbili. Kwa kiingilio, uwe na salio la M-Pesa kwenye simu iliyochajiwa. Na ukitaka kumpiga picha mtu nje, omba ruhusa kwanza.

Mvua huku hupenda alasiri, kwa hiyo maliza matembezi kabla ya saa nane. Wanaotaka kuendelea kaskazini kuelekea Marich na Kainuk waulize hali ya usalama siku hiyohiyo, kwa madereva wa steji ya Makutano, kwa sababu barabara hiyo imewahi kuwa na mashambulizi. Kwa kurudi Kitale usingoje jioni: abiria wakipungua, matatu hukaa muda mrefu ikisubiri kujaa. Saa tisa uwe steji.